Skafu Hailei Mtoto

Kila unapoanza mwaka wa masomo, jirani zangu hunijia na swali lile lile. Wanajua kwamba nilikuwa mwalimu kwa miaka 39, tangu 1972 hadi 2011, na kwamba nilivaa skafu ya skauti nikiwa bado mtoto. Basi huja, wakaketi barazani, wakazungumza ya mvua na ya bei ya sukari, kisha wakasema: "Mwalimu, mtoto ameniambia anataka kujiunga na skauti. Unaonaje, nimruhusu?"

Nami huwajibu kwa swali: "Je, umekwisha kumwona huyo atakayemchukua mtoto wako?"

Hapo wengi hunyamaza. Mmoja alicheka akaniambia, "Mwalimu, wale si wana sare!" Mwingine akasema shule ndiyo inayowajua, yeye kazi yake ni kulipa mchango. Mama mmoja aliniambia kwa furaha kwamba mwanawe ni mtundu mno, na anaona heri aende huko skauti "wakamnyooshe."

Majibu hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niandike kurasa hizi. Nasema waziwazi, na anayetaka kukasirika na akasirike: sare si dhamana, shule si mzazi, na skauti si mahali pa kupeleka mtoto aliyetushinda nyumbani. Skauti ni jambo jema. Mimi nililelewa nalo na sijutii. Lakini jema lolote linalomchukua mtoto usiku mbali na mama yake linahitaji mzazi aliye macho. Wazazi wa siku hizi, wasomi kwa wasio wasomi, tumelala.

Nitaanza na mzee mmoja ambaye hakulala, naye ni baba yangu. Alikuwa mkata mkonge huko Muheza, hajui kusoma wala kuandika hata jina lake. Mwaka 1964, nilipokuwa na umri wa miaka 13, kikosi chetu cha skauti kilipanga kwenda kupiga kambi ya siku tatu upande wa Amani, karibu na mto Zigi. Mwalimu wetu wa skauti hakutupa karatasi za kupeleka nyumbani. Alipanda baiskeli yake, akaenda nyumba hadi nyumba kuonana na wazazi. Kwetu alifika magharibi, akakaribishwa mkekani, akapewa maji ya kunywa. Baada ya kujuliana hali akaeleza shabaha yake.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu. "Mwalimu, hawa watoto watalala wapi?" Mwalimu akaeleza. "Na huo mto, hapo mtakapoteka maji na kuoga, una kina gani?" Mwalimu akasema amekwisha kwenda mwenyewe kuupima kwa fimbo, na kwamba mvua ikinyesha milimani hakuna mtoto atakayeteremka mtoni. "Na usiku, nani atakuwa macho?" Mwalimu akasema watakuwa watu wazima watatu, yeye na walimu wenzake wawili, nao watapokezana zamu.

Ndipo baba akasema, "Haya, mchukue. Lakini Jumapili, jua likifika pale," akaonyesha kwa mkono juu ya minazi, "nitakuwa njiani namngoja." Jumapili hiyo tuliporudi, tumechoka na matope magotini, nilimkuta amesimama njia panda kama alivyosema.

Mchango wa kambi ile ulikuwa kibaba cha unga na chumvi kidogo. Leo michango imekuwa mikubwa, na maswali yametoweka. Mzazi hupokea karatasi kutoka kwa mtoto asubuhi, akaitia sahihi huku anatafuta ufunguo wa mlango. Fedha huzituma kwa simu, wala haijui sura ya anayezipokea. Mzazi huyo huyo akitaka kununua mbuzi wa kufuga, atamfungua mdomo, atamtazama meno, atamshika kwato, na atauliza alikotoka. Kwa mbuzi tunauliza, kwa mtoto tunatia sahihi!

Msomaji asidhani kwamba nawanyoshea wengine kidole huku mimi nikiwa safi. Yafuatayo nimeyabeba miaka mingi, na nimeona ni haki niyaseme kabla sijaendelea kuwafundisha wengine.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Shuleni hapo alikuwapo kijana mwalimu, mchangamfu, hodari wa nyimbo na filimbi, na watoto walimpenda. Akaanzisha kikosi cha skauti, na kwa muda mfupi kikosi chetu kikawa sifa ya shule. Kila alipokuja mgeni, skauti wetu walikuwa mstari wa mbele, soksi zimepandishwa sawasawa. Nilijivuna. Alipoomba ruhusa ya kupeleka wavulana 18 kambini kwa siku tatu nilimpa. Sikumwuliza nani atafuatana naye. Kumbe hakufuatana na mtu. Alikwenda yeye peke yake.

Baada ya wiki moja akaja ofisini mama mmoja, muuza vitumbua. Akasema, "Mwalimu Mkuu, mwanangu hataki tena kuivaa ile skafu. Ameitupa chooni." Mimi nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote, "Mama, watoto wana vipindi vyao. Mwache, atarudi mwenyewe." Akaitikia kwa adabu akaenda zake. Alikuwa amekuja kunifungulia mlango, nami nikaufunga.

Haukupita mwezi akaja baba wa mtoto mwingine. Huyu hakuzungukazunguka. Sitaandika hapa aliyoniambia, kwa sababu ni mambo ya wale watoto, si yangu. Inatosha niseme kwamba mtoto hapaswi kufanyiwa hivyo na mtu yeyote, seuze mtu aliyemwapisha kuwa mwaminifu.

Nilimwita yule mwalimu. Kwanza alikana, kisha akalia, kisha akaniomba nisimharibie maisha. Na mimi, badala ya kufikiri juu ya watoto, nikafikiri juu ya jina la shule. Nikahangaika hadi akapata uhamisho. Kibaya zaidi, niliandika barua ya kumsindikiza, na katika barua hiyo nikamsifu kwa bidii yake. Katika muda mfupi akawa amefungasha na kuondoka.

Nilikwenda mwenyewe kumwarifu yule mama, nikidhani namletea faraja. Nikamwambia, "Mama, lile jambo limekwisha. Amehamishwa." Aliacha kukoroga unga wake, akanitazama, akasema, "Sasa amekwenda kwa watoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Shule aliyokwenda niliijua, na stempu ya barua ilikuwa na bei ndogo tu, lakini sikuandika. Kila nisikiapo mtu akisema jambo fulani "tumelimaliza kimya kimya," swali la mama yule hunirudia.

Sasa, pengine mtu atasema hayo ni mambo ya mtu mmoja mwovu, na waovu hawakosekani popote. Ni kweli hawakosekani. Lakini mwovu mmoja peke yake hafiki mbali. Humfikisha mbali watu wema wanaolinda jina. Na ugonjwa huu si wa kijiji chetu tu. Huko Marekani, chama kikubwa cha skauti wavulana kilikuwa kwa miaka mingi kikiweka majalada ya siri ya viongozi walioshukiwa kuwadhuru watoto. Mwaka 2012, kwa amri ya mahakama, majalada ya watu zaidi ya 1,000 yalitolewa hadharani, na ikaonekana kwamba mara nyingi wakubwa walijua, wakanyamaza, polisi hawakuambiwa na wazazi hawakuambiwa. Mwaka 2020 chama hicho kiliomba mahakama ikilinde kama mfilisi, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kwamba walidhuriwa utotoni. Mpango wa kuwalipa fidia ya dola zaidi ya bilioni 2.4 ulianza kutekelezwa mwaka 2023. Tajiri kama Mmarekani, mwenye mahakama na magazeti na simu, alichelewa kiasi hicho. Sisi tunaosema "aibu ya nyumba isitoke nje" tunajidanganya kwamba tuko salama?

Nimesema skauti ni jambo jema, na sitaki msomaji aufunge ukurasa huu na kumzuia mtoto wake. Basi na nieleze wema wenyewe, kwa kuwa mzazi asiyejua kitu kimekusudiwa kufanya nini hawezi kujua kinapokwenda kombo.

Mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani skauti ni jeshi la watoto au mgambo mdogo. Sivyo. Mwezi Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao 20 akaenda nao katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi walikuwa wana wa matajiri wa shule za gharama, na wengine wana wa wafanyakazi wa kawaida wa miji ya jirani. Akawachanganya, akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake mvulana. Wakapika, wakafuata nyayo, wakajifunza kufunga kamba na kumsaidia aliyeumia. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na mambo yakaenea duniani upesi kuliko alivyotarajia. Kenya yalifika mwaka 1910. Uzeeni yeye mwenyewe alihamia Nyeri, akafariki hapo Januari 1941. Juu ya kaburi lake imechongwa alama ya maskauti ya kufuatia njia: duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani.

Basi skauti, kwa asili yake, ni watoto wanaojifunza kujitegemea pamoja, wadogo wakiongozwa na wakubwa kidogo, na mtu mzima akiwa karibu lakini si kati. Ni jambo la hiari. Si la chama cha siasa, si la dini moja, na mlango wake wapaswa kuwa wazi kwa kila mtoto. Mimi nilijifunza humo kuwasha moto wakati wa mvua, kufunga jeraha, kusafisha sufuria kwa majivu, na kukaa kikundi kimoja na mtoto wa karani bila kumwogopa. Mambo hayo yalinifaa ualimuni kuliko mengi niliyonakili chuoni.

Kwa hiyo mzazi akiona mtoto amelazimishwa kuingia skauti kwa kuwa shule inataka idadi, ajue hiyo si skauti. Akiona mtoto maskini amekatazwa kwa sababu hana soksi za rangi inayotakiwa, ajue hiyo si skauti. Brownsea hawakuanza kwa kuuziana sare.

Na hapa nina ugomvi mwingine. Katika nchi yetu skauti wamegeuzwa mapambo. Akija kiongozi, skauti. Ukipita Mwenge, skauti. Mgeni rasmi ameahidi kufika saa 3 asubuhi, watoto wamepangwa tangu saa 1, naye anafika saa 6 adhuhuri. Anavishwa skafu, picha inapigwa, anaingia kivulini. Mtoto aliyemvisha hajanywa hata maji. Nimewaona kwa macho yangu watoto wakianguka kwa jua, wakabebwa pembeni kama mizigo, na sherehe ikaendelea. Kumvisha mgeni skafu ni heshima, sikatai. Lakini wako watoto walio na skafu mwaka wa tatu na hawajalala kambini hata usiku mmoja, hawajui kufunga fundo wala kumpa huduma ya kwanza aliyezimia, ingawa waliozimia wamewaona wengi! Mzazi, muulize mwanao amejifunza nini mwaka huu. Akikujibu, "Tumempokea mgeni," mwulize na kiongozi wake swali hilo hilo.

Liko jambo la tatu, nalo ni utii. Katika ile sheria ya skauti ya mwaka 1908, mtoto aliagizwa atii amri za viongozi wake bila kuuliza. Mimi nilifundishwa hivyo, na nikafundisha hivyo. Sisi Waswahili tuliipokea sheria hiyo kwa mikono miwili kwa kuwa ilifanana na tuliyozoea: mkubwa hakosei, mtoto hahoji. Leo nasema, na nasema nikijua kwamba wazee wenzangu hawatapenda, kwamba mtoto asiyeruhusiwa kuuliza ni mtoto aliyekabidhiwa kwa yeyote mwenye filimbi. Wale wavulana 18 walikuwa watiifu. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu, si mama zao wala mimi, aliyewahi kuwaambia kwamba yako mambo ambayo mkubwa akiyaamuru, unakimbia na kupiga kelele. Mfundishe mwanao heshima, lakini mfundishe pia kwamba mwili wake ni wake, na kwamba siri baina ya mtoto na mtu mzima, inayoambatana na maneno "usimwambie mama," lazima mama aambiwe siku hiyo hiyo.

Wengine huniambia kwamba maswali hayo ni ya Kizungu, na kwamba wazee wetu waliwapeleka vijana porini bila wasiwasi. Huo ni usahaulifu. Wazee wetu walipowapeleka wana wao jandoni hawakumkabidhi mtu wa kuokota. Kungwi alijulikana, ukoo wake ulijulikana, na mtoto akidhurika alijulikana wa kumjibia. Tulichokiacha sisi ni ule ujuaji wao, tukabakiza imani peke yake.

Basi mzazi aulize nini? Namwandikia yule anayetaka kwenda kesho.

Aulize kwanza kiongozi ni nani, anaishi wapi, amepata mafunzo ya uongozi wa skauti wapi, na kamishna wa skauti wa wilaya anamtambua au hamtambui. Kikosi cha halali kina mkubwa wake, na mkubwa huyo anaweza kuulizwa. Mtu aliyejivisha skafu mwenyewe na kukusanya watoto hana wa kumwuliza.

Aulize kambini watakuwa watu wazima wangapi. Mmoja hatoshi, hata akiwa mtakatifu. Vyama vya skauti vilivyoumia vimejifunza kuweka kanuni kwamba mtu mzima asikae faraghani na mtoto mmoja, na kwamba wakubwa wasilale hema moja na watoto. Kanuni hiyo inamlinda mtoto, na pia inamlinda kiongozi mwema asisingiziwe. Kama kuna wasichana, na awepo mama au mwalimu wa kike anayelala kambini, si wa kuja mchana na kuondoka.

Aulize umri wa watakaokuwapo. Wakenya wameyapa makundi yao majina yanayojieleza: Sungura ndio wadogo, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na Jasiri ndio vijana wakubwa. Hayakutenganishwa bure. Mtoto wa miaka minane hana kazi katika hema la kijana wa miaka 17, na mateso ya kuwakaribisha wageni, yale ya kumwagiana maji usiku na kutishana, hayamo katika kitabu chochote cha skauti.

Aulize maswali ya baba yangu: watalala wapi, maji yana kina gani, nani atakuwa macho. Aongeze: aliyeumia atapelekwa zahanati ipi na kwa chombo gani? Kama mtoto ana pumu au kifafa, nani ameambiwa, na dawa ziko kwa nani? Mtoto akitaka kuzungumza na nyumbani, atapewa simu? Na fedha tulizochanga zimetumikaje? Anayeficha hesabu ya unga, usimwamini kwa jambo kubwa zaidi.

Mwisho, mtoto akirudi, aulizwe. Si "Ilikuwaje?" ukiwa unatazama runinga. Kaa naye anapokula. Kama amebadilika, hali, halali, anakataa kuvaa kile alichokililia mwezi jana, usimwambie yeyote, wala wewe mwenyewe usijiambie, kwamba watoto wana vipindi vyao. Msikilize. Na ukijua jambo, usiende kwa mwalimu mkuu peke yake ukaishia hapo. Walimu wakuu nawajua, nilikuwa mmoja wao. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga simu namba 116, ambayo hapa Tanzania na pia Kenya ni ya kusaidia watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa kwetu Bara imeweka wajibu kwa kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa. Haikuandika "isipokuwa kama jina la shule litachafuka."

Najua lawama zitakazokuja. Watasema, "Mwalimu, maswali haya yatawaudhi viongozi, nao wanajitolea bila mshahara." Viongozi hao nawaheshimu kuliko msomaji anavyodhani. Wako wanaotumia Jumamosi zao na nauli zao kwa watoto wasio wao, na hawapati hata asante. Lakini sijapata kumwona kiongozi mwema aliyeudhiwa na mzazi kuuliza kina cha maji. Mwalimu wetu wa 1964 hakuudhika. Alikwenda kuupima mto kabla hajaulizwa, kwa sababu alitarajia kuulizwa. Mahali ambapo wazazi huuliza, wema hukaa na wabaya huhama. Anayekasirika kwa swali la mzazi amekwisha kulijibu.

Wengine watasema, "Basi heri nimfungie mtoto ndani, awe salama." Nao hao nawapinga. Mtoto anayefungiwa ndani na runinga na simu hajalindwa. Amehamishiwa tu kwa watu wasiojulikana zaidi, ambao hawapandi baiskeli kuja kukuomba ruhusa. Mtoto anahitaji mto na moto na wenzake. Wito wa skauti ni Uwe Tayari, na hakuna anayekuwa tayari kwa kukaa kitini. Nakuomba umruhusu aende. Ila aende kwa mtu unayemjua, mahali unapopajua, na siku ya kurudi uwepo njiani.

Kwa walimu wakuu wenzangu, mlio kazini bado, nina neno moja. Siku itafika mzazi asiye na cheo, pengine mama mwenye unga mikononi, atasimama mlangoni pako na kukuambia jambo ambalo hulitaki. Atalisema nusu, kwa kuwa nusu nyingine inamkaba. Mpe kiti. Funga daftari unaloandika. Usimhamishe mtu, usiandike barua ya sifa, usihesabu jina la shule. Mimi niliyahesabu hayo yote, na tangu hapo nimepokea vyeti na kiti cha ukumbi wa mbele katika sherehe nyingi. Sikumbuki hotuba hata moja iliyosemwa katika sherehe hizo. Ninakumbuka swali la yule mama, na ningetoa vyeti vyote nipate jibu la kumpa.